Likizo ya uzazi, likizo ya ugonjwa: kabla ya kupiga makofi, uliza nani analipa

Haya ni maneno niliyoyazungumza Jumanne usiku kwenye kikao chetu cha sauti. Wengi mliingia mwishoni, wengine bando ziliisha katikati, mkaomba niyaandike. Nimeyaacha karibu kama nilivyoyasema, na maswali yenu nimeyatia mahali pake. Kanuni yetu ni ile ile: hakuna kutaja mwanasiasa, hakuna kutaja chama. Tunataja hoja.

Hoja ya leo ni likizo. Si ile ya kwenda Diani. Ni ile mtu anayoichukua kwa sababu amejifungua, au yeye mwenyewe ni mgonjwa, au mtu wake ni mgonjwa na hakuna mwingine wa kumshika. Kila msimu wa kampeni ukikaribia inarudi jukwaani. Mmoja anasema akiingia, likizo ya uzazi itakuwa miezi sita. Mwingine anasema baba naye apate mwezi mzima. Wa tatu, ambaye anawania ugavana, anasema kaunti yake itatunga sheria yake, "kama majimbo ya Marekani". Watu wanapiga makofi, vuvuzela zinalia, na hakuna hata mmoja aliyeuliza pesa za huo mshahara wa miezi sita zitatoka mfukoni mwa nani.

Mimi nadhani hilo ndilo swali lenyewe. Siku ngapi ni swali la pili.

Tuanze na tulicho nacho, manake nimegundua watu wanabishana juu ya sheria ambayo hawajaisoma. Sheria ya Ajira ni ya mwaka 2007. Inampa mwanamke aliyeajiriwa miezi 3 ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili. Inampa mwanamume wiki 2, pia kwa mshahara kamili. Mwaka 2021 ikaongezewa kifungu cha wanaoasili mtoto: mwezi 1 kwa mshahara kamili, kuanzia mtoto anapokabidhiwa kwao. Mama akimaliza likizo yake ana haki ya kurudi kwenye kazi ile ile, au kazi nyingine inayomfaa yenye masharti yasiyo mabaya kuliko ya kwanza. Na likizo yake ya kila mwaka, zile siku 21 za kazi, inabaki palepale.

Hilo la mwisho vijana mnaliona dogo. Waulizeni mama zenu. Sheria ya zamani, iliyodumu tangu 1976, ilitoa miezi 2 tu, na ukiichukua ulipoteza likizo yako yote ya mwaka huo. Yaani sheria ilikuhesabia kwamba kujifungua ni mapumziko, umeshapumzika, rudi kazini. Kwa hivyo mtu akiwaambia hakuna kilichobadilika nchi hii, hapa amekosea.

Sasa njoo kwenye ugonjwa. Ukishafanya kazi miezi 2 mfululizo kwa mwajiri mmoja, sheria inakupa angalau siku 7 za kuugua kwa mshahara kamili, na siku 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12. Na uwe na cheti cha daktari. Hapo ndipo kiwango cha chini cha sheria kinapoishia. Amri za mishahara za sekta mbalimbali na mikataba ya vyama vya wafanyakazi huongeza siku, na mashirika makubwa huwa na utaratibu wao mzuri zaidi. Lakini kama hauko kwenye chama cha wafanyakazi na bosi wako ni wa kusoma sheria kwa kijicho, umepata wiki mbili. Wiki mbili kwa mtu anayeanza matibabu ya saratani. Wiki mbili kwa aliyevunjika mguu kwenye boda akienda kazini.

Na kuna shimo lingine ambalo sijawahi kusikia mgombea akiligusa. Soma Sheria ya Ajira toka mwanzo hadi mwisho, utakuta likizo ya kuzaa na likizo ya kuugua wewe. Hutakuta likizo ya kumwuguza mtu. Mtoto wako wa miaka mitatu amelazwa na nimonia, wodi inataka mzazi alale pale. Sheria haina jina la siku hizo. Mama yako amepata kiharusi kijijini, wewe ndiwe kifungua mimba, vilevile. Unaweza kuomba likizo ya huruma, na mara nyingi siku hizo zinakatwa kwenye likizo yako ya mwaka, ikiwa bado zimebaki. Zisipobaki, unabaki na huruma ya bosi.

Ndiyo sababu tumekuwa taifa la waongo, jameni. Mnajua wenyewe. Mtu anapiga simu asubuhi akijikohoza, anasema ana homa, kumbe mwenye homa ni mtoto. Kuna mfanyakazi ambaye nyanya yake amekufa mara nne tangu aajiriwe. Tunacheka, lakini huyo mtu si mvivu. Analazimika kutafuta neno ambalo sheria inalitambua, na sheria inatambua ugonjwa wake tu.

Hapo nilisimama kidogo, mtu mmoja akauliza swali zuri: "Sasa hizi haki ni za nani? Mimi ni kibarua."

Ndugu yangu, hapo ndipo penye uchungu. Wakenya zaidi ya 8 kati ya 10 wanaofanya kazi wako kwenye sekta isiyo rasmi. Mama mboga hana mwajiri. Akijifungua Jumatatu, genge limefungwa Jumatatu, na wateja wanahamia kwa jirani. Mwendesha boda akiumwa mgongo hana cheti cha kumpelekea mtu. Wakili anaweza kusimama jukwaani na kuongeza miezi ya likizo hadi mwaka mzima, na huyu mama hataonja hata siku moja. Tukiongea juu ya likizo bila kumtaja, tunaongea juu ya watu wachache.

Kwa kibarua hasa, sheria ina mlango ambao wengi hawaujui. Kifungu cha 37 kinasema kibarua akifanya kazi kwa siku mfululizo ambazo jumla yake si chini ya mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo kwa hali ya kawaida haiwezi kumalizika ndani ya miezi 3, basi ajira yake inahesabiwa kuwa si ya kibarua tena. Na akiendelea hivyo miezi 2 au zaidi, anastahili masharti kama ya mtu aliyeajiriwa tangu mwanzo. Waajiri wanaujua mlango huo kuliko sisi. Ndiyo sababu unaona watu wanasimamishwa wiki moja, kisha wanaitwa tena "upya". Ukiona mkataba wako unakatika kila mara siku chache kabla ya kutimiza muda, jua kuna mtu mahali ana kalenda.

Basi turudi kwa pesa.

Ile miezi 3 ya mshahara kamili, kwa Kenya, inalipwa na mwajiri peke yake. Si serikali, si NSSF, si SHA. Hapa kuna mchanganyiko mkubwa, watu watatu waliniandikia kwamba "SHA inalipa uzazi". SHA inalipa hospitali: kitanda, mkunga, upasuaji ukihitajika. Hailipi mshahara wako ukiwa nyumbani unanyonyesha. Huo unatoka kwa bosi.

Kwa benki kubwa, hilo ni tone la maji. Lakini hebu tumsikilize mama aliyepanda kuzungumza kutoka Nakuru, ana saluni yenye wasichana wanne, kila mmoja anamlipa shilingi 20,000. Mmoja akienda likizo ya uzazi, analipa 60,000 kwa miezi 3 kwa mtu ambaye hayupo. Kiti hakiwezi kukaa wazi, kwa hivyo anaajiri mwingine kwa muda, 60,000 nyingine. Jumla 120,000 kwa kiti kile kile kimoja. Akasema, na nayaweka maneno yake kama yalivyokuwa: "Mimi nampenda huyo msichana, lakini wa pili akishika mimba mwaka huo huo, nafunga." Watu walimrukia kule chini kwa maoni, eti ni mkatili. Hapana. Amepewa na sheria mzigo ambao nchi nzima ilipaswa kuubeba, akaambiwa aubebe na mabega ya saluni.

Na mzigo ukiwa hivyo, unajua anayeumia ni nani? Si yeye peke yake. Ni yule msichana wa miaka 26 aliyeketi kwenye mahojiano ya kazi anaulizwa kama ameolewa, kama "ana mpango wa familia karibuni". Mwanamume hakuulizwa. Sheria inakataza kubagua mtu kwa sababu ya mimba, na inasema mimba si sababu halali ya kumfuta mtu kazi. Mahakama ya Ajira inaweza kuamuru fidia ya hadi mishahara ya miezi 12. Sawa. Lakini aliyefutwa anaweza kwenda mahakamani. Ambaye hakuajiriwa kabisa atathibitishaje? Hakuna barua inayosema "hatukukuchukua kwa sababu una tumbo la uzazi". Inasema "tumepata mwingine aliyefaa zaidi".

Sasa chukua ile ahadi ya miezi sita, uiweke juu ya utaratibu huu huu. Ile 60,000 ya mama wa Nakuru inakuwa 120,000, pamoja na ya mtu wa muda inakuwa 240,000. Atafanya nini? Ataajiri wavulana, au ataajiri kwa kazi ya siku kwa siku. Ahadi iliyotolewa kwa ajili ya wanawake itawafungia wanawake mlango, na mgombea atakuwa ameshapata kura zao. Kwa hivyo mtu akisema miezi sita bila kusema nani analipa, mimi huhesabu kwamba hajasema kitu.

Hapa akaingia dada yetu mmoja kutoka Minnesota, na kama mnavyojua, watu wa ng'ambo wakiingia lazima watuambie huko kwao. Safari hii aliniokoa, manake yule mgombea wa ugavana alitaja majimbo ya Marekani na ilifaa tujue kilichoko huko kweli.

Nianze na jambo litakalowashangaza. Kwa sheria ya nchi nzima, Marekani iko nyuma yetu kwa mshahara. Sheria yao ya likizo ya familia na matibabu ni ya mwaka 1993. Inatoa wiki 12 kwa mwaka, bila malipo. Bila hata senti. Inalinda kazi yako tu, urudi uikute. Na si kila mtu anaipata: kwa jumla mwajiri awe na wafanyakazi wasiopungua 50, na wewe uwe umemfanyia kazi miezi 12 na saa 1,250 katika mwaka uliopita. Kwa hivyo mfanyakazi wa ile saluni ya Nakuru angekuwa kule, sheria hiyo isingemtambua.

Lakini ina kitu ambacho sisi hatuna. Inatambua kuuguza. Mtoto wako, mume au mke wako, mzazi wako akiwa na ugonjwa mzito, siku hizo zina jina mbele ya sheria. Mama mkwe hayumo, kaka na dada hawamo, na Mkenya akisoma hapo anashangaa familia gani hiyo. Lakini angalau mlango upo.

Kwa vile ni likizo isiyo na malipo, majimbo yakaanza kujitungia yao. Na namna yalivyofanya ndiyo ninayotaka tuiangalie. California ilipitisha sheria yake mwaka 2002, malipo yakaanza Julai 2004: wiki 6 za kulea mtoto mchanga au kumwuguza mtu wa familia, na tangu 2020 ni wiki 8. Hawakumwambia mwenye saluni alipe. Walikuwa tayari na mfuko wa bima wa wafanyakazi wanaougua, ulioanza mwaka 1946, ambao kila mfanyakazi anakatwa kiasi kidogo kwenye mshahara. Wakautundika mzigo huu mpya kwenye msumari uliokuwa ukutani tayari. Hadi leo pale California anayechangia mfuko huo ni mfanyakazi, mwajiri hachangii. New Jersey na Rhode Island nao walikuwa na mifuko ya aina hiyo tangu miaka ya 1940, wakafuata njia hiyo hiyo. Majimbo ambayo hayakuwa na mfuko wa zamani yalibidi yajenge kuanzia msingi. Sasa yamepita kumi yenye sheria hizi.

Minnesota, anakokaa dada yetu, imeanza kulipa Januari 2026. Makato ni asilimia 0.88 ya mshahara, mwajiri na mwajiriwa wanagawana. Unaweza kupata hadi wiki 12 ukiwa mgonjwa wewe, hadi wiki 12 kwa kulea au kuuguza, na kwa mwaka mmoja zote kwa pamoja zisizidi 20. Wenye mishahara midogo wanarudishiwa sehemu kubwa ya mshahara wao kuliko wenye mikubwa. Na neno familia limepanuliwa, babu na nyanya wamo, hata mtu asiye wa damu ambaye kwa hali yenu anakutegemea umtunze. Hapo ndipo nikasema, hao sasa wameanza kuongea Kikwetu.

Lakini msiondoke hapa mkisema Marekani ni mbinguni. Fikirieni ndugu wawili Wakenya, wote wanafanya kazi ya kutunza wazee. Mmoja yuko Minneapolis, mwingine Dallas. Texas haina mfuko wa namna hiyo. Wote wawili mama yao anaugua. Wa Minneapolis anaweza kumwuguza akilipwa sehemu kubwa ya mshahara. Wa Dallas, kama kampuni yake ni kubwa, anapata wiki 12 za njaa. Kama ni ndogo, sheria haimpi chochote. Kazi ni moja, mama ni mmoja. Kilichowatenganisha ni mpaka wa jimbo. Ndiyo maana mtu akiniambia "Marekani wanafanya hivi" mimi huuliza, Marekani ya wapi?

Kijana wa Kisumu akadaka hapo hapo: "Basi si gavana yuko sawa? Kaunti yetu iwe Minnesota yetu."

Haiwezekani, na tuseme wazi kwa nini. Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, imegawa kazi kati ya serikali ya kitaifa na kaunti. Viwango vya kazi vimewekwa upande wa serikali ya kitaifa. Bunge la kaunti haliwezi kutunga sheria ya kumlazimisha mwenye kiwanda au mwenye hoteli aongeze likizo. Gavana anaweza kujitahidi kwa wafanyakazi wa kaunti yenyewe, wauguzi, walimu wa chekechea, wafagiaji, kwa kuwa hapo kaunti ndiyo mwajiri, na hata hapo kuna utaratibu wa kufuatwa. Zaidi ya hapo anauza mbuzi kwenye gunia. Anayeweza kubadilisha sheria hii ni mbunge wako na seneta wako. Kwa hivyo ahadi hiyo ukiipata kwa mgombea wa ugavana, mwulize anamaanisha wafanyakazi gani.

Tena, kuifuata Minnesota si lazima. Jirani hapa amefanya. Rwanda ilipitisha sheria ya mafao ya uzazi mwaka 2016. Mfanyakazi anachangia asilimia 0.3, mwajiri asilimia 0.3. Mama akienda likizo, wiki 6 za kwanza analipwa na mwajiri, zinazobaki zinalipwa na mfuko wa hifadhi ya jamii. Likizo ilikuwa wiki 12, baadaye ikapandishwa hadi 14, na mwenye saluni wa Kigali hakuongezewa wiki hata moja ya kulipa peke yake. Na angalieni jambo dogo lenye maana: anayechangia ni kila mfanyakazi, mwanamume kwa mwanamke, mzee kwa kijana. Kwa hivyo mwajiri akiajiri mwanamume hakwepi mchango. Sababu kubwa ya kumkimbia yule msichana wa miaka 26 inapungua.

Niliposema hivyo, maoni yaliwaka moto. Mnajua kwa nini. "Makato tena?"

Sikulaumu hata mmoja. Tuhesabu. Mtu wa mshahara wa 30,000: SHA asilimia 2.75, hiyo ni 825. Ushuru wa nyumba asilimia 1.5, hiyo 450. NSSF asilimia 6, hiyo 1,800. Jumla 3,075 kabla hata hujafika kwenye kodi ya mapato. Halafu niongeze jingine? Mwenzetu mmoja aliandika, "Mimi nakatwa pesa za hospitali na hospitali naambiwa mfumo uko chini." Mwingine akasema mfuko wowote ukianzishwa Kenya, kabla mtoto wa kwanza hajazaliwa, pesa zimeshanunua magari ya wakurugenzi. Hoja hizo ni za kweli na hazijibiwi kwa kuwaambia watu wawe wazalendo.

Lakini nanyi mnijibu. Kwa kiwango cha Rwanda, mtu wa 30,000 angekatwa shilingi 90 kwa mwezi, na mwajiri wake 90. Mama wa Nakuru, kwa wasichana wake wanne, angetoa 240 kwa mwezi upande wake. Mlinganishe na ile 60,000. Sisemi 0.3 ingetutosha Kenya. Hesabu hiyo ifanywe na wataalamu wa bima, iwekwe hadharani, na si na mtu aliyeshika maikrofoni. Nasema ukubwa wa mchango si ule watu wanaouogopa. Wanachoogopa ni wizi, na hilo ni jambo tofauti linalohitaji jibu lake.

Msimamo wangu ninao, na si lazima mkubaliane nami. Mimi ningeukubali mchango huo kwa masharti. Pesa zisichanganywe na mfuko mwingine wowote. Malipo yaende moja kwa moja kwa simu ya aliyejifungua, yasipitie kwa mwajiri wala ofisi ya mtu. Asiye na mwajiri, yule mama mboga, aruhusiwe kuchangia kwa hiari kiasi anachokiweza na apate kitu, hata kama ni wiki chache. Na kuuguza kuingizwe humo tangu siku ya kwanza, tusisubiri miaka 20 mingine. Bila masharti hayo ningepiga kura ya hapana, na miezi 3 yetu ibaki kama ilivyo.

Kuna aliyeuliza habari za baba. Nitapita haraka hapo, si kwa dharau, ila hoja ni ile ile. Wiki 2 zipo kwenye sheria na wanaume wengi hawazichukui, wengine kwa kutojua, wengine kwa kuogopa kuchekwa kazini. Anayetaka kuongeza hadi mwezi ajibu kwanza nani analipa, kisha atuambie atafanyaje ili hizi mbili zichukuliwe.

Swali la mwisho lilikuwa la binti aliyeandika kwa siri, kwa hivyo simtaji wala mji wake. Ana mimba ya miezi 6, mkataba wake wa mwaka unaisha mwezi ujao, na tayari ameambiwa kwa mdomo kwamba "labda hautaendelezwa". Nilimjibu, na nawajibu wote mlio kama yeye. Mkataba kufika mwisho wake na kutoendelezwa si sawa moja kwa moja na kufutwa kazi, na mwajiri ataegemea hapo. Kwa hivyo ushahidi ndio kila kitu. Mjulishe kwa maandishi kwamba una mimba na unakusudia kuchukua likizo. Sheria inataka notisi ya angalau siku 7 kabla ya kuanza likizo, wewe toa mapema zaidi. Ambatisha cheti cha hospitali. Hifadhi nakala nyumbani, si kwenye kompyuta ya ofisi. Yale maneno ya mdomo, yaandike siku hiyo hiyo: nani alisema, lini, mbele ya nani. Kama wenzako wote wa mkataba kama wako waliendelezwa na wewe peke yako ukaachwa, hilo lina uzito mbele ya hakimu. Nenda ofisi ya leba ya kaunti yako, ukiwa kwenye chama cha wafanyakazi mwone mwakilishi wako kabla mkataba haujaisha, si baada. Na usiahirishe, manake madai ya ajira yana muda wa miaka 3 wa kufikishwa mahakamani, na miaka 3 ukiwa na mtoto mchanga hupita kama wiki.

Amesema ataandika barua leo. Akinijibu, na akiruhusu, nitawaambia ilivyokwenda. Wenye maswali mengine juu ya likizo yawekeni hapa chini, nitayapitia usiku. Matusi kwa yule mama wa saluni nitayafuta.